Orodha ya Waliorudisha

Jumatatu, 3 Machi

Nyinyi wanawake wa ploti ya bluu hamna haya. Nimefagia mtaro kutoka duka la kona mpaka kanisani, kugeuka tu, mmemwaga maji ya kuoshea samaki wa omena pale pale. Kwani mtaro ni sufuria yenu? Nimewaambia. Wamecheka. Wacheke.

Mtaa huu wa Kitale tutautengeneza wakitaka wasitake. Chifu ameniweka kwa kamati ya usalama kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Ijumaa kuna mkutano kanisani. Kijana yeyote anayenyang'anya watu simu na kuvunja nyumba aje mchana, arudishe alichoiba, asamehewe, apewe kazi ya kupanga kabro, yale matofali ya barabara, kwa njia ya sokoni. Chifu amesema hakuna atakayeshikwa. Na mimi nimelirudia neno hilo mlango kwa mlango.

Wekesa lazima aje. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nafula wa Myanga. Alikuja kwangu kutafuta kazi, akapata marafiki. Mtungi wa gesi ulio chini ya kitanda chake si wetu. Juzi watu walichoma mwizi mmoja nyuma ya soko. Sitaki kuitwa kutambua viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Wekesa amekataa. "Kukhu, hao watu huwa hawasahau."

Nimemfokea mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza, huyu kukhu wako, nyanya yako, amewahi kukudanganya? Akainywa chai hiyo baridi. Nikajua nimeshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Walikuja kumi na mmoja! Chifu alifikiri hata watatu hawatafika. Simu, blenda, televisheni, hata godoro. Shetani gani anaiba godoro. Wekesa aliubeba mtungi begani akampelekea mwenyewe, Mama Chebet mzaliwa wa Endebess, yule jirani anayetuuzia maziwa. Mama Chebet akaunyanyua, akaona ni mzito.

"We Wekesa, ati ulinijazia? Si ungekuja kuiba na jiko!"

Watu walicheka mpaka mchungaji akaketi. Mama Chebet akamsamehe papo hapo, akamshika kichwa.

Orodha niliipiga mistari mimi. Mkutano bila orodha ni porojo. Niliishia darasa la nne lakini mistari yangu imenyooka. Jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Halafu safu moja niliyoitoa kichwani mwangu mwenyewe: alichorudisha. Chifu akasema, mama, hata ofisini hatuna kitu safi hivi. Mmoja aliandika jina la mchezaji wa mpira, nikamfutisha. Wekesa alikosea namba ya kitambulisho makusudi. Mimi naijua. Nikairekebisha mbele ya wote.

Jumatano, 12 Machi

Kabro zimefika kwa fundi wa viatu. Wanawake wanapita wameshika pochi mkononi, hawafichi tena kifuani. Wekesa ana vumbi mpaka kwa nyusi. Jana aliomba ugali mara ya pili. Naringa. Acha niringe.

Ijumaa, 14 Machi

Gari la polisi. Saa nne asubuhi, watu wako kazini wameinama. Askari akasoma majina kwa karatasi. Moja baada ya lingine, vile yalivyofuatana kwa orodha yangu. Wekesa alikuwa wa tatu. Alilitua jiwe polepole, akaniangalia.

Wamechukua saba. Wanne walikimbia.

Jumamosi, 15 Machi

Kituoni tangu asubuhi. Afisa alinionyesha nakala ya orodha yangu. "Mama, kazi safi sana. Hata hatukuhangaika." Alikuwa ananisifu kweli. Nilitaka kumrarua.

Mama Chebet alienda nami. Akasema mtungi ni wake, umerudi, amesamehe, hana kesi na mtu. Wakamwambia kesi si yake tena, ni ya serikali. Na kwamba aliyerudisha ameshakubali kuwa aliiba. Akasema basi afadhali mngeniachia mwizi wangu. Walimwonyesha mlango.

Chifu anasema alipeleka orodha kwa wakubwa waone mtaa unaendelea vizuri. Ati hakujua. Simwamini. Tena namwamini. Hata mimi nilitaka ionekane.

Jumatatu, 17 Machi

Kortini. Wekesa amesomewa shtaka, akarudishwa rimandi mpaka mwezi ujao. Dhamana inataka hati ya shamba. Mimi ni wa kupanga. Nilipaza sauti nimwambie hakimu kosa hili ni langu. Karani akaniambia nyamaza mama, ama utolewe. Nimenyamaza. Sauti yangu yote, na haikufaa kitu.

Jumanne, 18 Machi

Myanga. Nilimkuta Nafula shambani anapalilia. Nilimwambia wima hivyo hivyo, sikuzunguka. Alimaliza mstari wake kwanza. Kisha akasema, "Mama, nilikupatia yeye umuangalie." Basi.

Akaenda akanipikia kuku. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Kabro zimeishia pale pale kwa fundi wa viatu, kutoka hapo ni matope. Leo msichana amenyang'anywa simu njiani mchana. Wale waliokataa kuja mkutanoni wako kwa kona wanakula miwa. Wamenisalimia vizuri sana. "Niaje, kukhu?" Mama wa yule wa kwanza kwa orodha alivuka barabara asikutane nami. Ana haki.

Nafula amekuja na mimi. Analala kwa kitanda cha Wekesa. Amefua shati lake, sasa analianika jikoni. Tunaongea mambo ya chumvi na maji tu.

Kesho wanaruhusu watu kuona walio rimandi. Wewe mwanamke mzee, usikie. Nafula aingie kwanza. Wewe ubaki nje ya geti. Kijana akikataa kukuona, usipige kelele, usimtume mtu. Keti chini. Ijumaa ijayo urudi, uketi tena.