Chumba cha Mboga Kimeandikwa Jina Langu

Jumamosi, 24 Machi 2007. Guangzhou. Mvua haijanyesha, lakini kila kitu kimelowa.

Ni ule msimu ambao kuta za mji huu zinatoka jasho. Korido ya hosteli inateleza, nguo nilizoanika Jumatano bado mbichi, na daftari langu la maabara limejikunja kona zote. Wachina wana jina la hali hii ya hewa. Mimi naiita kero.

Shajara, leo sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na kuungama. Mimi, mwanafunzi wa shahada ya pili ya kilimo cha bustani, ninayesoma kwa fedha za watu, nimeamka asubuhi nikiwa na chumba cha mchicha na ilipofika saa sita mchana nikagundua nina chumba cha bangi.

Majina nimebadilisha yote. Blogu hii inasomwa na watu wanne, na mmoja ni mdogo wangu wa Songea, ambaye namwomba sana asimwambie mama.

Mama Neema nimemjua tangu mwaka wangu wa kwanza huku. Ni mfanyabiashara wa Mbeya, anakuja kununua viatu na magauni ya watoto kwenye masoko ya jumla ya Liuhua, anakaa wiki kadhaa, anarudi. Nilipopasuliwa kidole tumbo sikuwa na ndugu hata mmoja katika bara hili zima. Yeye aliacha mizigo yake kwa wakala, akalala kwenye kiti kando ya kitanda changu siku nne, akaniogesha, akanipikia uji kwa jiko dogo la umeme alilolificha uvunguni. Manesi wakija juu anawaambia "mei you, mei you", maana yake hakuna, hakuna, na uji unanukia wodi nzima. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu hukai chini kutafakari.

Kwa hiyo Januari aliponiambia mumewe anakuja kutibiwa saratani ya tumbo na wanahitaji pa kukaa, nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Huku wanafunzi tumezoea kuwashikia jina wafanyabiashara. Wao viza zao ni fupi, Kichina hawajui, na wenye nyumba hawataki usumbufu. Mwanafunzi anakwenda na pasipoti yake, anasaini mkataba, anaandikisha makazi polisi, kisha anakabidhi funguo. Nimeshawashikia jina watu watatu. Tunaambiana kwamba ni sawa na kumshikia mtu nafasi kwenye foleni.

Tukapata vyumba viwili na jiko, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja. Kimoja cha kulala. Cha pili hakina dirisha la maana, na hapo ndipo ujuaji wangu ulipoingia. Baba Neema alikuwa halali usingizi wala hali chakula, anatamani mboga za nyumbani tu, na mboga za nyumbani huku hazipatikani. Nikasema mimi ninasomea nini? Nikapigilia rafu za mbao, nikafunga taa ndefu za tyubu, feni ndogo, na saa ya kuwasha na kuzima taa yenyewe. Nikaotesha mchicha na figiri kwenye trei. Nikamwandikia Mama Neema maelekezo kwa herufi kubwa, nikayabandika ukutani. Nilijiona profesa.

Kisha kabla ya mwaka mpya wa Kichina nikapelekwa kwenye shamba la majaribio nje ya mji, na ingawa Jumapili nilikuwa nakuja mjini ibadani, sikukanyaga Xiaobei mpaka leo.

Asubuhi simu ililia. "Mwalimu," Mama Neema ananiita hivyo akiwa na shida, "mboga zangu zinageuka njano. Njoo uziangalie, mwanangu."

Nilikwenda kwa metro, nikiwa na furaha kabisa. Nilipofungua mlango wa kile chumba nilikutana kwanza na joto, halafu na harufu. Dirisha lilikuwa limefunikwa foili. Kulikuwa na taa mpya kubwa ambayo sikuifunga mimi. Trei za mchicha zilikuwa zimesukumwa pembeni, na katikati, kwenye ndoo za rangi nyeupe, ilisimama miche saba yenye urefu wa kufika gotini. Yale majani ya vidole nayajua. Kwetu yalikuwa yanaota katikati ya mahindi ya watu wasiopenda kuulizwa.

Sasa hapa ndipo naona aibu, shajara. Kabla sijashtuka, mikono yangu ilikuwa imeshaingia kazini. Niligusa udongo, nikasema maji yamezidi. Nikageuza jani nikaliangalia chini. Nikaipandisha ile taa juu kidogo. Nimekuja kukumbuka kuogopa wakati nimeshamaliza kuitibu miche.

Nikamgeukia Mama Neema, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Hakuficha kitu. Alisema mbegu zilikuja zimefungwa kwenye pindo la kanga, ndani ya mzigo wa mchele, kutoka kwa shangazi yake. Kwao wazee walikuwa wanachanganya kidogo kwenye mboga ya mgonjwa aliyekataa chakula. Amefuata maelekezo yangu ya ukutani, neno kwa neno, ila kwa mbegu hizo badala ya za mchicha. Kila siku anachuma majani machache, anayapika na mchicha wa karanga, na Baba Neema hajui.

"Anakula, mwanangu," aliniambia, akinishika mkono. "Wiki mbili hizi anakula. Juzi ameomba aongezewe. Wewe umesoma, niambie, hiyo ni dhambi?"

Nilitaka kumwambia ni jela. Huku si nyumbani ambako utamwona mjumbe wa mtaa mkayamaliza. Huku kuna mambo ukikamatwa nayo, watu wa ubalozi wanakuja kukutazama kupitia kioo. Lakini nilimwangalia usoni nikaona ule uso uliokesha kwenye kiti siku nne. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Nani anataka kuwa punda?

Na zaidi ya yote sijui kama ni majani yanayomfanya ale. Huenda ni dozi ya dawa za saratani iliyopunguzwa. Huenda ni maombi, maana sisi Watanzania tunaokusanyika Jumapili tumemwombea sana. Nimesoma miaka sita kuhusu mimea na sikuweza kumjibu mwanamke aliyeishia darasa la saba.

Wakati bado nimesimama pale simu ikalia tena. Mwenye nyumba. Laoban wetu, yaani bosi, ni mtu mpole, lakini leo aliongea haraka. Mita ya umeme inakimbia, jirani wa chini anasema dari yake ina joto, na Jumatatu asubuhi atakuja na fundi kukagua kila chumba. Alisema jina langu mara mbili, akitamka kila sehemu kwa shida, akilisoma kwenye mkataba.

Nilimjibu sawa, karibu. Nikakata simu, nikamwambia Mama Neema. Akasema tuihamishe miche, Jumatatu ikipita tuirudishe. Nikauliza tuihamishie wapi, akasema hosteli kwako. Nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, na kilimuumiza, nilimwona. Akachukua kikapu akasema anakwenda sokoni kununua karanga, nibaki nifikirie.

Nibaki nifikirie! Nilibaki nikihesabu vigae vya sakafu.

Baba Neema akaingia. Anatembea kwa kushika ukuta, na shati lake siku hizi limekuwa la mtu mwingine. Kumbe kila mchana anakuja kukaa mle, kwa sababu msimu huu ni chumba pekee katika nyumba ambacho ni kikavu. Ana kiti chake karibu na ndoo. Aliketi, akanisalimia, akaniuliza masomo. Nikajibu shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

Lazima niseme Baba Neema alikuwa nani. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo mpaka alipostaafu. Mama Neema husema watu wa mtaani kwao walikuwa wanazima redio akipita.

Akaniuliza kwa upole ile mboga mpya inaitwaje.

Nikasema ni aina ya mchicha. Nikaongeza kwamba ni ya Kichina. Nikaongeza jina la kisayansi ambalo ni la kitu kingine kabisa. Sijawahi kudanganya kwa Kilatini kabla ya leo.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kama, nadhani, alivyowasikiliza wengi mahakamani. Kisha akasema, "Binti, nimesikiliza kesi za bangi tangu hujazaliwa. Vielelezo vilikuwa vinakaa mezani pangu. Unadhani harufu yake naisahau kwa sababu ya ugonjwa?"

Alijua tangu siku ya tatu ya kulishwa majani. Alinyamaza kwa sababu mkewe alikuwa ameanza kuimba tena jikoni, na kwa sababu, alisema hivyo hivyo, chakula kilikuwa kinashuka. Wale aliowafunga anawakumbuka wengine kwa sura. Mmoja alikuwa mzee aliyesema ni dawa ya mkewe. "Sikumwamini," alisema. Akayatazama majani.

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniuliza swali moja, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ambayo bila shaka ndiyo watu walikuwa wanazimia redio.

"Chumba hiki kimeandikwa jina la nani?"

Shajara, ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini swali lile halikuwa la kudanganyia.

Nikasema, "Langu, Baba."

"Na polisi?"

"Langu."

Yeye alidhani mkewe ndiye aliyesaini. Hakuna aliyemweleza namna tunavyoshikiana majina huku. Alifumba macho kidogo, akajitegemeza kwenye mikono ya kiti, akasimama. Akaenda kwenye ndoo ya kwanza akashika shina chini kabisa, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili, akakaribia kuanguka, likatoka na udongo ukamwagika kwenye kandambili zake. Akaenda kwenye ya pili.

Niliposogea kumsaidia alinizuia kwa kiganja. "Wewe usiguse. Ukiulizwa, useme hukugusa."

Lakini mimi nilikuwa nimeshagusa. Nilikuwa nimeigusa yote saba mchana ule ule, nimeitibu. Sikumwambia. Nilisimama nikimtazama mgonjwa wa saratani akifanya kazi yangu, kwa dakika nyingi, akipumzika kila baada ya ndoo moja, jasho likimtoka. Kusema kweli kabisa, nilikuwa natamani aharakishe.

Mama Neema alirudi akamkuta kwenye ndoo ya sita. Kikapu kilianguka, karanga zikatawanyika sakafuni. Alimwambia kwa Kinyakyusa maneno ambayo sikuyaelewa, kisha kwa Kiswahili, "Utakula nini sasa? Niambie, baba, utakula nini?"

"Nitakula mchicha," alisema Baba Neema. "Mtoto wa watu hatafungwa kwa ajili ya tumbo langu."

Akavuta shina la saba.

Mama Neema aliitia yote kwenye mfuko mweusi akatoka nayo. Wapi, sikuuliza. Mimi nilibandua foili, nikashusha ile taa kubwa, nikafungua mlango joto litoke. Nikazirudisha trei za mchicha katikati, zikaonekana chache. Nikaokota karanga moja moja. Tulifanya kazi zetu bila kutazamana.

Jioni Mama Neema alipika. Wali, mchicha wa karanga, na maharage. Nilitaka kuaga nikaambiwa niketi, na mimi si mtu wa kumkatalia Mama Neema mara mbili kwa siku moja. Baba Neema aliomba, maombi mafupi. Akala vijiko vitatu. Cha nne alikishika muda mrefu, akakirudisha kwenye sahani, akatuomba radhi, akainuka akishika ukuta mpaka chooni. Mlango ule ni wa plastiki. Tulisikia kila kitu.

Mama Neema hakuinuka. Alinisogezea bakuli la mboga akasema, "Kula, mwanangu, umechoka." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nikala. Hiki ndicho nilichoshindwa kukiandika tangu nilipokaa hapa. Hofu ilikuwa imeondoka, na chakula kilikuwa kitamu kuliko siku zote. Nilimaliza sahani. Nikaongeza wali, nikamaliza tena, yeye akitapika nyuma ya mlango na mkewe akinitazama.

Jumatatu laoban atakuja na fundi wake, atakuta mchicha. Niko salama. Nimejiambia neno hilo njia nzima kwenye metro.

Jumapili iliyopita tulisimama ibadani tukamshukuru Mungu kwamba Baba Neema anakula, tukapiga makofi. Kesho asubuhi wataniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda kwao leo, anaendeleaje. Niwaambie nini?