Hapana Uliyomjibu Daktari

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza kwamba hata mwenye hasira husalimu kwanza. Na hasira ninayo.

Unakumbuka tulivyokubeba kwa machela kutoka Bukiriro hadi hospitali ya Biharamulo? Jicho lako la kushoto lilikuwa limefifia. Ulisema unauona uso wangu nusu. Daktari Mzungu alilimulika, akaona uvimbe ndani, akauliza kama una uvimbe mwingine popote mwilini. Mkalimani alikuwa mume wangu, mkweo. Kwa adabu ya ukwe hamkuwa mkitazamana. Ukimwona njiani, ulijificha migombani. Siku hiyo alikupa mgongo, akakutafsiria kwa Kihangaza huku akitazama ukuta.

“Hapana,” ulijibu.

Mimi niliyekuwa nikikuogesha nilijua titi lako la kulia lilivyokuwa gumu kama kiazi kibichi. Asubuhi ile ulikuwa umenikamata mkono: “Titi langu halitajwi mbele ya mkwe.” Nikanyamaza. Daktari akaamini ugonjwa umeanzia jichoni, akalitoa jicho zima ili usienee.

Kabla ya mavuno, la pili nalo likafifia. Tukarudi. Safari hii mume wangu alipogeukia ukuta, niligusa titi langu mwenyewe, kisha nikakunyooshea kidole. Daktari alifunua kaniki yako, akapapasa, akakaa kitini. Baadaye mlangoni mume wangu alinitafsiria maneno yake: “Ugonjwa ungekuwa umeanzia jichoni, kulitoa kungesaidia. Huu ulitoka kwingine, ukafika machoni baadaye. Ningejua, nisingeligusa.” Mume wangu hakuuliza kwingine ni wapi. Mpaka leo hajauliza, na huwaambia watu kwamba mkwe wake aliuawa na jicho.

Nimekukasirikia, mama. Nimemkasirikia yeye na mgongo wake. Lakini wewe ulikuwa mgonjwa, yeye hakujua. Mimi nilikuwa na macho mawili na ulimi, nikakaa kitako kama mgeni.

Tukirudi nyumbani, wabebaji walipopumzika Nyakahura, uliniomba nikugeuzie uso upande wa ng’ombe wanaokunywa maji, uwaone kidogo kabla giza halijakufunga. Kisha ukauliza taratibu, “Lile jicho walilitoa bure?”

“Hapana,” nilikujibu.

Ulishusha pumzi, ukanishukuru. Hapana ile nilijifunza kwako, mama, nami niliisema vizuri kama wewe.

Lala. Sitakuuliza tena.

Ni mimi, mwanao niliyekuogesha