Kidonda cha Vivian

Mjambere, Kisauni

Dada yangu Mweri,

Hujambo huko Dammam? Natumai afya ni njema na matajiri wako wanakuachia walau nafasi ya kula. Sisi tu wazima. Mimi mdogo wako ni yule yule, sultani wa vitunguu Kongowea; nikinadi, hata mwenye mzio wa vitunguu hununua kilo mbili.

Mwanao Vivian alipata homa juzi, sasa imeshuka. Nilimpeleka hospitali, na unanijua, niliingia nikiongea. Nilimwambia daktari, binti mdogo aitwaye Asmaa, kwamba mimi nimefika Dar na Unguja, madaktari nimewaona, asinizungushe. Akaniomba nikae. Kisha akaketi sakafuni na Vivian, akamsemesha taratibu, ingawa mtoto ana miaka tisa na hajatamka neno. Madaktari wenzake wote huongea na mimi, huandika dawa ya kifafa, basi. Huyu alimvua soksi.

Kifundo cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokizunguka chote. Aliponiuliza nilisema viatu vinambana, tena nikacheka. Hakunibishia. Akakunjua bendeji amfunge. Vivian alipoiona alisogea hadi kwenye kitanda cha hospitali, akaketi kando ya tendegu, akaunyoosha mguu ule ule, akangoja. Wala hakulia.

Daktari aliniangalia.

Jirani Gladys, niliyekwambia anamlea mchana, alihamia Port Reitz tangu Januari. Nilikuficha. Kila alfajiri nilimfunga mwanao mguu kwenye tendegu la kitanda kwa leso uliyoniachia, nikamwekea uji na maji, nikarudi saa nane. Aliwahi kutoka nikamkuta barabarani katikati ya malori, nikajiambia namlinda. Lakini ningeweza kwenda naye sokoni. Niliona haya wenzangu wamwone akijitikisa.

Daktari hakunitukana. Alisema ni lazima amwandikie afisa wa watoto, akaandika mbele yangu na kunisomea. Afisa anakuja Alhamisi. Nitamweleza kama nilivyokueleza. Tangu siku ile naenda na Vivian sokoni, anakaa juu ya gunia, na hakuna aliyecheka. Ukitaka aondolewe kwangu, sema. Sitabisha.

Mama anakusalimu, hajui bado. Simu niliiogopa. Josephine anayekuletea barua hii nimemsihi asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Ndimi mdogo wako,
Nyale