Dansi ya Nyange

Cyprien, uko? Soma mbio. Nimetoka sasa hivi kwa mazoezi ya watoto wetu, ile dansi ya ndege. Mutu wa ofisi ya serikali amesimama mulangoni, ameuliza: "Huyo ndege ni nani?"

HUYO NDEGE NI NANI! Neno lilelile la mwaka wa hamsini na saba!

Shangazi yangu Léoncie alikuwa binti tu, ndiyo kwanza anaanza kutunga michezo. Aliwatungia watoto wa Katindo dansi ya nyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe: shingo mbele, muguu juu, anaukung'uta. Muguu ukipanda, watoto wanavunjika mbavu, wanaita "Nyange!" Na Nyange ndilo jina Goma nzima ilimuita kwa siri muzungu wa teritwari, Mubelgiji aliyetutawala, kwa kaptula yake nyeupe na miguu mirefu.

Siku moja akatokea mwenyewe, na askari mwenye fimbo.

"Huyo ndege ni nani?"

Léoncie akajibu: "Ni ndege tu, Bwana."

"Ndege tu?" Akaingia uwanjani. Matope yakamushika kiatu. Akainua muguu juu, akaukung'uta.

Kimya, Cyprien. Kimya! Hakuna mutoto aliyepumua. Muzungu akawatazama mumoja mumoja, kisha akamugeukia Léoncie polepole:

"Mbona sasa hawacheki?"

Ile fimbo aliyopigwa Léoncie, ukoo wetu haujaisahau. Na huyu wa ofisi amesema kesho atarudi.

Tafazali, waambie watoto wasinyamaze: muguu wa mutu yeyote ukipanda, wacheke.