Fundi Aliyesimama Mbali

Mjukuu wangu Sabra,

Nakusalimu kutoka Azaiba. Sote wazima, na shangazi yako keshahamia nyumba mpya.

Umeniuliza kama umuamini mwenzio anayekuhimiza muingie biashara pamoja. Nna kisa kimoja.

Nilikuwa bibi harusi mpya. Mipira ya nyuma ya trekta letu dogo la shamba ilikwisha, na babu yako akaleta fundi na mipira aliyosema ni mipya. Niliigusa, vidole vikatoka na rangi nyeusi, kama mikuukuu iliyopakwa upya. Nikawa namtazama huyo fundi.

Alipouvisha wa kwanza kwenye ringi akaanza kutia upepo. Mpira ukawa unalia, ukingo haukai sawa.

"Inama, bwana, utazame kama umekaa," akamwambia babu yako. Mwenyewe akarudi nyuma ya trekta na bomba lake.

"Mbona wewe huinami?" nikamuuliza.

"Mimi natia upepo, bibie."

Nikamvuta babu yako kwa kanzu. Hatujafika mlangoni mwa banda mpira ukapasuka, kipande kikabomoa ukuta pale alipokuwa babu yako.

Fundi aliapa hakujua. Labda kweli.

Mwenzio simjui, mwanangu, wala simsemi vibaya. Niandikie tu: biashara hiyo ikiharibika, yeye atakuwa amesimama wapi?

Akuombeaye kila sala,
Bibi Zuwena