Sahani za Futari na Presha ya Usiku

Jumatano, 30 Januari 1963. Mahajanga.

Sahani nne leo. Bi Rukia wa mlango wa pili kaleta ng'onda, samaki wa chumvi, wa kukaanga na mhogo. Nyumba ya mwalimu wa chuo, sambusa. Mbili zimeletwa na watoto, sikuuliza wa nani. Achari ya embe juu ya kila kitu. Nimekula zote. Daktari alinikataza chumvi kabla mwezi haujaandama. Nilimwitikia kwa kichwa, kama ninavyomwitikia mteja anayetaka kanzu ndefu kwa kitambaa kifupi.

Bi Rukia alisimama kidogo mlangoni, akalalamikia bei ya mchele. "Kula, Fundi, mtu peke yake hapiki." Kisha akaenda zake. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo, ukiondoa wateja wa kanzu za Idi, ambao huzungumza na futi yangu tu.

Jumatatu, 4 Februari.

Hospitali, alasiri. Nimefunga, koo kavu. Daktari Mfaransa kanivika kile kitambaa cha presha mkononi, kapuliza, katabasamu. Nesi kanigeuzia kwa Kimalagasi: presha imeshuka, vidonge vinafanya kazi, endelea hivyo hivyo. Chumvi umeacha? Nikasema nimeacha. Uongo, tena mchana wa Ramadhani.

Mtu hajala wala kunywa tangu alfajiri, presha itapandia wapi? Wangenipima nikiwa nimelala. Usiku moyo unagonga masikioni mpaka nakaa kitako. Sikuwaambia.

Alhamisi, 7 Februari.

Nimeamka na kisogo kizito. Miguu imevimba, viatu vimekataa.

Tuseme namwambia Bi Rukia kwamba nimekatazwa chumvi. Hatakasirika. Ataogopa kuniua, ataacha kuleta. Naye hana siri, mtaa mzima wa Tsaramandroso utajua kabla ya isha. Sahani zikikoma, nani atagonga mlango wa mtu aliyefiwa na mkewe bila sababu? Na sahani hairudi tupu. Naipeleka na tende, au kofia ya mtoto niliyoshona, nami napata kisa cha kusimama kwa watu. Bila hiyo ningepita mbele ya milango yao kama mkusanya kodi.

Naogopa upweke kuliko presha. Ndivyo ilivyo.

Jumapili, 10 Februari.

Binti yangu Mariamu ametuma salamu na baharia wa Nosy Be. Anataka nirudi Ambanoro, huko kisiwani. Amesharudia mara nyingi.

Ile nyumba ilikuwa ya mama yake, sasa ni yake. Sisi wenye asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, mume huingia na sanduku lake. Mke wangu alipofariki nikatoka na langu. Hakuna aliyenifukuza. Lakini kukaa pale nikilishwa na mkwe, naona haya. Nimejibu kwamba kanzu za Idi ni nyingi.

Kanzu zimebaki chache sana.

Jumanne, 12 Februari.

Naandika kitandani, hospitali. Jana kwenye tarawehe pua ilitoka damu, ikakataa kukoma. Nikatoka nisichafue mkeka, nikaangukia viatu vya watu mlangoni. Jamaa wakanibeba. Presha ilikuwa juu hata daktari akapima tena kwa mkono wa pili.

Amesema nilale hapa, nipimwe usiku. Saumu nitailipa.

Nimeogopa kweli. Si kufa tu. Kufa mlango umefungwa kwa ndani, wagundue jioni waletapo futari.

Alhamisi, 14 Februari.

Nesi alinijia usiku kucha na kile kitambaa. Asubuhi daktari akaleta kiti akaketi, nikajua si habari njema.

Anasema presha ya watu hushuka wakilala. Moyo nao unapata usiku wake. Yangu haishuki, inapanda. Moyo wangu unafanya zamu ya mchana na ya usiku, na mtu wa namna hiyo ndiye anayepooza alfajiri, au haamki kabisa. Wao walinipima mchana tu, nina njaa, wakaridhika. Anasema lilikuwa kosa lake kutouliza nakula nini magharibi ikiingia.

Akauliza sasa. Nikamwambia yote: ng'onda, achari, sahani. Nesi aliacha kugeuza maneno, akanitazama. "Kwa nini hukukataa, Baba?"

Nilisema ni adabu. Sikusema lililobaki.

Jumamosi, 16 Februari.

Nimerudi chumbani. Bi Rukia kaja na sahani kabla ya adhana. Nimemwambia mlangoni: chumvi itaniua, daktari kakataza tangu zamani, nilikuficha. Akaishika ile sahani kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi. Akasema, "Na mimi nimekulisha siku zote hizi." Akarudi nayo.

Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Jumapili, 17 Februari.

Hakuna sahani.

Jumatano, 20 Februari.

Hakuna. Wali mkavu na samaki wa kuchemsha, limau kwa wingi. Unateremka kama pamba. Nasikia vijiko vya jirani ukutani.

Usiku nimelala. Moyo haugongi. Miguu imeingia viatuni. Nimepona nikiwa peke yangu, sina wa kumwambia.

Jumatatu, 25 Februari. Idi.

Nimeona kanzu zangu zote msikitini, zimewakaa watu vizuri. Tumepeana mikono. Bi Rukia kaniuliza hali kutoka upande wa pili wa njia, kwa sauti kubwa, kama mtu aulizaye mgonjwa wa kuambukiza. Maskini, anaona haya kuliko mimi. Mchana nimelala, nimeamka, bado ni mchana.

Juzi nililala tena hospitali nipimwe. Daktari alisema presha ya usiku imeshuka, lakini nisikae peke yangu, alfajiri ni saa mbaya. Kwa hiyo naenda kwa Mariamu. Haya yangu nitakwenda nayo.

Ijumaa, 8 Machi. Ambanoro.

Nalala chumba cha mbele. Mariamu huja kabla ya jua, husimama mlangoni kusikiliza kama napumua. Najifanya nimelala.

Tangu nifike amepika chungu kimoja bila chumvi kwa nyumba nzima. Hakuniambia. Leo nimewatazama baada ya sala ya Ijumaa. Mkwe wangu Abasi, amechoka na kazi ya bandari, anatafuna akitazama ukuta. Mtoto mdogo amelishika tonge shavuni, halimezi. Nimeona aibu, kwa sababu hakuna aliyeondoka siniani.

Nikainuka. Nikaenda jikoni nikatafuta chumvi, alikuwa ameificha nyuma ya mtungi. Nikaiweka mbele ya Abasi. Nikasema, "Kuleni. Mimi upande huu unanitosha."

Abasi alimtazama mkewe, kisha akanyunyiza upande wake, akamnyunyizia mtoto. Mariamu alipangusa uso kwa upindo wa leso, akanisogezea limau. Tumekula sote mpaka sinia likaisha.