Barabara ya Mwethya

Jumatatu, 7 Aprili

Klachi tena. Gari limezima mara nne kabla hatujafika kwa mkonge. Mama hakasiriki. Anasema tu, washa. Yeye ni dereva wa basi la shule ya msingi hapa Katangi, amezoea watoto wa kelele. Mimi nisiyeongea simsumbui.

Likizo hii tunafanya mazoezi kila jioni na Probox yetu, kutoka nyumbani hadi bwawani. Niko na miaka kumi na sita. Leseni ni kumi na nane. Mama anasema hiyo ni sheria ya lami. Hapa ni shamba la marehemu babu, na barabara yenyewe ilichimbwa kwa majembe na mwethya ya akina Susu, yaani nyanya yangu na wanawake wa kijiji wakisaidiana, Mama akiwa bado mtoto. Serikali haikuleta hata koleo moja. Nusu ya kijiji wamejifunzia kuendesha hapa. Trafiki ataingilia wapi?

Leo sikuzima kwa mlima. Nilitabasamu nikiangalia dirishani ili asione.

Jumatano, 9 Aprili

Nimegonga mtu.

Ni Kyalo, jirani anayeuza maji kwa baiskeli. Alitokea kwa kona ya bwawa na mitungi yake. Nilimwona vizuri. Nilitaka breki, nikakanyaga mafuta. Alianguka mtaroni, baiskeli juu yake. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama alisema, "Toka. Zunguka, kaa huku."

Nilizunguka. Sijawahi kumtii haraka hivyo. Watu walipofika kutoka bwawani Mama alikuwa kwa usukani na mimi nimekaa upande wa abiria, mkanda nimefunga. Hakuna aliyeniambia nifunge mkanda. Hilo nalikumbuka kuliko damu.

Mguu umevunjika chini ya goti. Mama alimpeleka hospitali Machakos yeye mwenyewe. Mimi niliachwa niokote mitungi.

Ijumaa, 11 Aprili

Polisi. Sajini wa kike, mpole, viatu vimepigwa rangi. Mama ameandikisha kwamba yeye ndiye alikuwa anaendesha. Kyalo, akiwa kitandani, ameandikisha kwamba aliyeendesha alikuwa msichana.

Sajini aliniuliza mimi. Niliangalia viatu vyake. Mama akamwambia mtoto huyu haongei na wageni, tangu utotoni. Ni kweli. Kila mtu hapa anajua ni kweli. Uongo wetu umesimama juu ya hiyo.

Watu wanasema Kyalo alichanganyikiwa na maumivu, akaona malaika.

Jumapili, 13 Aprili

Mjomba Muli amekuja kutoka Machakos. Zamani alikuwa karani wa wakili, kwa hivyo kwetu yeye ndiye wakili. Alikula kwanza. Halafu akasema shikilieni jambo moja: barabara ni ya kibinafsi. Kwa barabara ya kibinafsi hakuna kesi ya trafiki. Mtaelewana na Kyalo nyumbani kama majirani, na leseni inabaki.

Leseni ndiyo kila kitu. Shule imemwambia Mama wazi: leseni ikienda, basi litapewa mtu mwingine.

Mjomba alisimamisha nguzo mbili pale barabara inapoanza, akaning'iniza ubao: SHAMBA LA MTU. USIPITE. Susu aliuliza ni nani anafungiwa. Mjomba akasema ng'ombe. Susu akamwambia ng'ombe wake hawajui kusoma.

Hakuna aliyemweleza kazi ya ule ubao. Tulisahau, au tuliona aibu. Mimi niliona aibu.

Jumanne, 15 Aprili

Sajini alikuja kuangalia barabara. Susu hawezi kuona mgeni amesimama juani, kwa hivyo chai, na majirani wakaja na viti vyao. Sajini aliuliza taratibu, kama mtu wa kupiga tu stori, hii barabara ni ya nani.

Mjomba alijibu ya familia. Ya kibinafsi kabisa.

Susu aliweka kikombe chini. "Muli, ya familia tangu lini? Hii tuliichimba wanawake arobaini. Hata mtu ambaye hatumjui jina anapita hapa, na hajawahi kuulizwa anaenda wapi."

Majirani wakaitikia. Mmoja akasema hata malori ya mchanga yanapita, na hayalipi chochote. Mwingine akasema hata chifu. Kila mtu alitaka Sajini ajue sisi si watu wa kunyima njia. Susu aliapa hata ule ubao ni wa ng'ombe. Sajini aliandika yote. Mjomba alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake.

Sajini aliposimama alitueleza. Sheria haiulizi nani alichimba, inauliza nani anapita. Mahali ambapo umma unapita, dereva amefungwa na sheria kama yuko lami. Alimshukuru Susu kwa chai.

Susu alifurahi mpaka jioni. Mama hakuwa na roho ya kumwambia amefanya nini. Kesi inaendelea.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kyalo alikuja kanisani na magongo. Kwa lango wanaume walikuwa wamemngoja.

"Malaika huyo anakuja."

"Malaika, yule msichana wako alikuwa na mabawa ama alikuwa na leseni?"

Wakacheka. Sasa ndilo jina lake. Mimi pia nilitabasamu. Mdomo ulijifanyia tu. Naandika hilo kwa sababu ningeliacha hakuna mtu angewahi kujua.

Baada ya ibada alinikuta kwa bomba. Nilidhani atanitukana. Alisema, "Mumbua, mwambie mama yako mguu unapona. Lakini sasa hata watoto wangu wananiita Malaika."

Aliondoka polepole. Nilikuwa na jibu na sikulitoa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimwambia Mama tukifua. Nimefurahi kwamba mikono ilikuwa na kazi. Nikamwambia nataka kusema.

Aliendelea kusugua. Halafu: "Ukisema, wewe uko na kosa lako na mimi niko na mawili. Ukinyamaza ni langu moja."

Hesabu yake ni sawa.

"Na Kyalo?" nikauliza.

Alikamua ile shuka mpaka haikutoa tone. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na mimi namjua Mama, hapana huwa haimshindi.

Jumanne, 22 Aprili

Niliandika barua kwa Kiingereza kwanza. Kwa Kiingereza ni rahisi, mtu anaweza kujificha. Gari liligonga, baiskeli iligongwa, hakuna mtu mahali popote. Nikarudia kusoma mara mbili, mimi sikuwemo. Nikararua.

Kwa Kiswahili ikawa mistari mitatu. *Mimi ndiye niliyekuwa kwa usukani. Mama alikuwa ananifundisha. Kyalo alisema ukweli.*

Nilienda kituoni, nikampa Sajini karatasi. Alisoma, akanirudishia, akasema nimsomee kwa sauti. Nilisoma. Sauti ilitoka ndogo, mbaya, lakini ilitoka yote. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amenifuata, na amevaa nguo za kanisa. Alivuta kiti, akaomba kuandikisha upya.

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano, 14 Mei

Korti, Machakos. Mimi nilipelekwa kwa ofisa wa watoto. Nimeonywa, nitakuwa naripoti kwake kila mwezi. Alinieleza mambo mengi kwa upole na nilisema ndiyo kwa yote.

Mama alisomewa mawili: kumruhusu asiye na leseni kuendesha, na kuwadanganya polisi. Alikubali yote mawili. Hakimu hakuwa mkali. Alisema dereva wa watoto alipaswa kujua kuliko wengine. Faini, na leseni imeondolewa kwa mwaka mmoja.

Mama aliipangusa na leso kabla ya kuiweka kwa kaunta. Ilikuwa safi.

Karani alisoma pia kwamba shahidi alisema tangu mwanzo dereva alikuwa msichana, na hakubadilisha neno. Kyalo alikuwa amesimama na magongo. Aligeuka akaangalia viti vyote, kuona kama kuna mtu wa nyumbani aliyesikia. Tulikuwa sisi tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nilitumwa sukari. Dukani walikuwepo wanaume walewale wa lango la kanisa, na Kyalo anakuja kwa mbali. Wakaanza. Malaika, Malaika, umeacha wapi mabawa.

Nilisema, "Ni mimi nilikuwa naendesha."

Hawakusikia. Ilibidi nirudie. Mara ya pili mwenye duka alisimama na sukari mkononi. Mmoja akauliza, "Kumbe huyu huongea?" Nikasema naongea, na nilimgonga, na Kyalo hakuona malaika yeyote, aliniona mimi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema pole pia. Mmoja alivuta benchi Kyalo akae, wakaanza kuongea bei ya ndengu. Walimwita Kyalo. Nilingoja mpaka nisikie hivyo ndiyo nikaondoka.

Nilikimbia njia yote. Sukari haikumwagika.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi nikienda shule Mama alinisindikiza hadi lami. Hana kazi ya kumtoa nyumbani mapema siku hizi isipokuwa shamba, lakini bado anaamka saa kumi na moja.

Basi la shule lilipita. Dereva mpya, kijana, alipiga honi kumsalimia. Watoto wengine walipunga mikono kwa kioo cha nyuma. Mama alipunga pia. Aliliangalia mpaka likashuka mteremko.

"Anashika breki mapema," alisema. "Ni vizuri. Ni watoto amebeba."

Akanirekebisha kola ya sweta. Halafu akarudi nyumbani, upande wake wa barabara, pembeni kabisa.